Siku Mama Pindo Alipoyafuata Majaketi Yake Ziwani

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Pindo alishona majaketi ya kuokolea watu majini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia mguu kwenye maji yaliyozidi kina cha beseni.

Karakana yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi: chumba kirefu chenye madirisha manne na meza moja ya kukatia iliyomeza nusu ya sakafu. Upande huu sponji zimerundikwa karibu na dari, upande ule majora ya kitambaa cha rangi ya chungwa. Vumbi la sponji liliwaganda kwenye nywele na nyusi, hata jioni wakishuka ngazi ungedhani wametoka kupepeta unga. Wenzake sita walitumia cherehani za umeme. Yeye alikataa katakata, akabaki na ile ya kukanyaga, chuma kizito cheusi ambacho hakuna mwingine aliyekitaka.

“Umeme hauna adabu,” alizoea kusema. “Ukifika kwenye kona, mkanda mnene unataka mguu unaojua kusita.”

Kazi yake ilikuwa mikanda: ule wa kiunoni, na ule mwembamba wa majaketi ya watoto unaopita katikati ya miguu. Kila mkanda ulipokutana na kitambaa alishona mraba, ndani ya mraba akashona alama ya kuzidisha, kisha akapita tena juu ya mshono huo huo mara ya pili. Hiyo mara ya pili haikuwa kwenye maagizo ya mwenye karakana. Alijiongezea mwenyewe.

Jina lake nalo lilitokana na hulka hiyo hiyo. Akiona pindo la sketi ya mtu limefumuka, hata mtu asiyemjua, hatulii. Atamsimamisha kando ya njia, atoe sindano mkobani, apige magoti na kulishona palepale. Wengine walikasirika, wengi walicheka, na wote wakamwita Mama Pindo.

Tangu afiwe na mumewe aliishi na dada yake mkubwa katika vyumba viwili vyenye baraza. Dada mtu alikuwa mstaafu wa posta, aliyepeleka barua kwa baiskeli kwa miaka thelathini na moja, milima kwa mabonde, mvua kwa jua. Watu wa nyumbani walimwita Bi Hapana, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la kwanza kwa kila jambo, hata ukimuuliza kama ameamka salama.

Safari yenyewe ilianzishwa na Chiriku, mjukuu wa miaka minane, mtoto ambaye mdomo wake ulipumzika alipolala tu, na hata hapo si sana. Jumapili moja mchana alikuwa amekaa sakafuni akimtazama bibi yake akibadilisha zipu.

“Bibi, yale majaketi yenu yanaenda wapi?”

“Ziwani. Wanavaa watu wa boti.”

“Ziwa likoje?”

Mama Pindo aliigeuza zipu, akaikagua upande wa pili. “Ni maji mengi,” alisema hatimaye.

“Mengi kama nini?”

“Mengi tu.”

Chiriku alimkazia macho. “Kumbe hujawahi kuliona.”

Hakungoja jibu. Alitoka mbio hadi barazani walikokuwa wazazi wake, akatangaza habari hiyo kwa sauti ambayo nyumba ya tatu waliisikia. Binti wa Mama Pindo, aliyekuwa muuguzi, aliingia ndani akiwa ameshika kikombe cha chai.

“Mama, ni kweli?”

“Nani ana nafasi ya kwenda kutazama maji?”

“Jumamosi sina zamu,” binti alisema. “Na mume wangu hana masomo.”

Mkwe alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa kifua kipana aliyependa kila kitu chenye filimbi na mstari wa kumalizia. Alikwisha anza kuhesabu viti vya gari lake dogo kwa vidole. “Sisi watatu, Mama, na Bibi Mkubwa. Tunatosha.”

“Hapana,” alisema Bi Hapana kutoka kitandani, bila kuuliza wanatoshea wapi.

Wiki hiyo ilimwendea Mama Pindo kama mtoto anayengoja sikukuu. Alishona pindo la gauni lake la maua, akalifumua, akalishona upya. Alimuuliza mpakia mizigo wa karakana iwapo ziwa hunuka, na kama kuna kivuli. Usiku wa Ijumaa aliamka mara mbili kuangalia kama mayai aliyochemsha yangali kwenye chombo chake, kana kwamba yangetoroka. Na Jumamosi alfajiri, mkwe alipopiga honi, Mama Pindo alitoka akamkuta Bi Hapana amekwisha keti kiti cha mbele, mkanda amefunga, kofia ya jua kichwani.

“Nimekuja kulinda mizigo,” alisema. “Msinitarajie majini.”

Walisafiri saa mbili na nusu. Barabara ilipanda, ikazunguka kilima, na mara Mama Pindo akaona mstari mwembamba unaometa kati ya vilele viwili. Alidhani ni mabati ya ghala. Gari lilipokata kona ya mwisho mabati yale yakafunguka, yakatanuka kushoto na kulia, yakaijaza dunia yote ya mbele, ya buluu karibu na ya fedha mbali, na jua juu yake likitawanyika vipande vipande. Mkwe alisimamisha gari kando bila kuambiwa.

Mama Pindo alishuka. Moyo ulimdunda hadi akauwekea mkono.

“Mbona halina mwisho?”

“Lina mwisho, Mama. Unaiona ile milima?”

“Ile ni milima? Nilidhani mawingu.”

Kisha akaviona: vidoadoa vidogo vya rangi ya chungwa, vikitembea juu ya maji mbali kule, kimoja hapa, vitatu pale, kundi zima karibu na gati. Binti yake alimgusa bega.

“Kuna nini, Mama?”

“Ni yetu yale,” alisema. “Yale yanayotembea.”

Walianza kwa matembezi, maana mkwe alisema misuli lazima ipashwe joto. Njia ilifuata ufuo, ikapita chini ya miti mirefu, kisha ikawa daraja la mbao juu ya matete, na maji yakionekana kati ya ubao na ubao. Ndege wa miguu myekundu waliruka mbele yao wakitua hatua kumi, wakiruka tena. Waliokuja kutembea walikuwa wa kila namna: wazee wenye fimbo, wapenzi, baba aliyembeba mtoto mabegani huku mwingine akimvuta shati. Mama Pindo aliwaacha wote nyuma. Kila penye uwazi alisimama kutazama maji, kisha akakimbilia uwazi unaofuata kana kwamba pale patakuwa na ziwa jingine.

“Mwambieni apunguze mwendo,” alilalamika Bi Hapana, lakini yeye mwenyewe alikuwa akitembea sambamba naye. Aliitazama njia kwa jicho la kazi. “Njia nzuri hii. Pana, na haina mbwa.”

Ilikuwa karibu saa tano walipofika gatini. Boti za pedali zilikuwa zimefungwa mstari mmoja, nyeupe, kila moja na viti viwili mbele na kibenchi nyuma, na kamba imezungushwa puani. Msimamizi wa gati, mwanamume wa makamo mwenye ndevu za mvi na miguu iliyochomwa na jua, alikuwa akigawa majaketi kutoka kwenye rafu. Alimkabidhi Chiriku lake, akamgeukia mtu mwingine. Mama Pindo akalikamata.

Aligeuza mkanda wa kiunoni. Mraba, alama ya kuzidisha, mara mbili. Tabasamu lilimtoka lenyewe. Akageuza mkanda wa katikati ya miguu, akaupitisha kidole, tabasamu likakatika. Uzi ulikuwa umepauka na kukauka kama nyasi. Aliuvuta kidogo, na upande mmoja ukaachia.

“Hili lisivaliwe,” alisema.

“Mama, yote yamekaguliwa mwezi uliopita,” alisema msimamizi kwa upole wa mtu aliyekwisha kujibu wengi. “Nyuma yako watu wanasubiri.”

“Wasubiri. Mtoto akianguka na mkanda huu ukaachia, jaketi litampanda hadi usoni, yeye abaki chini. Jua limekula uzi. Unayaanika nje?”

Msimamizi aligeuka kutazama. Majaketi mengine ishirini yalikuwa yakining'inia kwenye kamba nyuma yake, juani.

“Umejuaje habari za uzi?”

“Ni mimi niliyelishona.”

Msimamizi alicheka, akidhani ni mzaha. Mama Pindo alifungua upande wa ndani akamwonyesha kibandiko cha karakana, akamtajia jina la mtaa na duka la rangi lililo chini yao. Kicheko kikaisha. Kisha akaketi kwenye ubao wa gati, miguu mbele, akatoa mkobani sindano nene na uzi uliopakwa nta, akaanza kushona. Foleni yote ilitazama. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alisogea karibu na kuuliza kwa sauti ndogo kama angeliangalia na la kwake. Aliliangalia. Aliyaangalia kumi na manne kabla hajainuka, mawili akayatenga pembeni, na msimamizi mwenyewe akayabeba na kuyafungia kabatini, kisha akaanza kuanua yale ya kwenye kamba moja moja.

“Sasa,” alisema Mama Pindo akijifunga la kwake, “nionyesheni boti.”

Mkwe, mkewe na Chiriku walichukua boti moja. Ya pili ilikuwa ya Mama Pindo, na kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi. Alimgeukia dada yake aliyekuwa ameketi juu ya kapu la chakula.

“Dada, njoo.”

“Hapana.”

“Ina pedali.”

Bi Hapana aliinama kutazama. Alitazama pedali, akatazama mnyororo, akauliza kama una mafuta. Kisha akavua viatu, akavipanga kando ya kapu, akaingia.

Mkwe alipiga mluzi. “Tushindane, Mama. Hadi boya jekundu kule, na kurudi. Nitakuacheni mtangulie kidogo, maana ninyi ni wazee.”

“Asante, baba,” alisema Mama Pindo kwa unyenyekevu mkubwa.

Lile alilosahau mwalimu wa michezo ni kwamba kwenye boti ile waliketi watu wawili waliochuma riziki yao kwa miguu. Mmoja alikanyaga chuma saa nane kwa siku kwa miaka ishirini na miwili. Mwingine alipandisha mlima mkoba wa barua tangu mkwe huyo hajazaliwa. Mizunguko michache ya kwanza waligongana, huyu akienda kasi, yule polepole, boti ikayumba kama mlevi. Kisha miguu minne ikapata mwendo mmoja. Maji yakaanza kuimba chini yao. Mama Pindo alihisi upepo ukimpiga usoni na matone ya baridi yakimrukia mikononi, akapiga kelele ya furaha ambayo hakujua anayo.

Kutoka nyuma ilisikika sauti ya Chiriku, wazi kabisa juu ya maji: “Baba, bibi wanaenda. Baba, kanyaga. Mama, mwambie Baba akanyage.”

Walilizunguka boya jekundu mkwe akiwa hata nusu ya njia hajafika. Walipopishana, uso wake ulikuwa umekunjamana na pumzi juu juu. Bi Hapana alimpungia mkono kama malkia.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Haukuwa wa kutisha, lakini ulitoka milimani kwa ghafla ukakwaruza maji yote kwa mistari. Mama Pindo aliona boti nyingine mbali upande wa kulia, ikielea kiubavu. Ndani yake alikuwamo yule baba wa kwenye daraja, aliyebeba mtoto mabegani, pamoja na wanawe wawili. Alikuwa ameinama kati ya pedali akipambana na kitu, na mtoto mdogo analia. Nyuma yao, umbali wa kiwanja cha mpira au pungufu, mawe meusi yalijitokeza majini, na mawimbi yalikuwa yakiyapiga.

“Mnyororo wake umechomoka,” alisema Bi Hapana. Hakuhitaji kuona. “Ameinama vile anavyoinama mtu wa mnyororo.”

Mama Pindo aligeuka kutazama gati. Boti ya injini ya msimamizi ilikuwa upande wa pili wa ghuba, ikivuta watu wa kuteleza majini. Alimwona msimamizi akipunga kitambaa ukingoni mwa gati kuiita. Ingefika, lakini si sasa hivi.

“Dada?”

“Unangoja nini? Kata kushoto.”

Walikanyaga. Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Upepo uliwasukuma kwenda, na hilo lilimtia Mama Pindo hofu, kwa kuwa alijua watarudi wakiupinga. Mapaja yalimwaka moto. Walipokaribia, yule baba aliinua uso uliotota jasho.

“Tupe kamba ya puani,” Mama Pindo alimwambia kwa sauti. “Ya puani, ndiyo hiyo. Na watoto wakae chini kabisa.”

Yule baba alirusha mara ya kwanza, ikaanguka majini. Mara ya pili Bi Hapana aliidaka kwa mkono mmoja, akaizungusha kwenye chuma cha nyuma, akaifunga kwa fundo alilofungia vifurushi vya posta maisha yake yote, fundo ambalo hukaza kadiri unavyolivuta.

“Wewe mdogo,” Mama Pindo alimwambia mtoto anayelia, “hilo jaketi ulilovaa nimelikagua mwenyewe asubuhi. Halikuachi. Unanisikia? Sasa hesabu mizunguko yetu kwa sauti, ili mimi na bibi mkubwa tusikosane.”

Mtoto alivuta kamasi, akaanza. Moja. Mbili. Mizunguko ya kwanza hawakusogea hata shubiri. Mawe yalibaki palepale, meusi, yakitemea povu. Kumi na tano. Ishirini. Kamba ilinyooka. Thelathini, na mawe yakaanza kubaki nyuma. Mtoto alifika mia moja na kumi na mbili, akirudiarudia tisini mara mbili kwa kubabaika, ndipo boti ya injini ilipofika na kuwachukua wote, huku boti zote mbili zikivutwa mkiani kama vifaranga.

Gatini kulikuwa na umati. Mkwe alimvuta Mama Pindo juu kwa mikono miwili, akabaki amemshikilia. Binti yake, kwa mazoea ya kazi, alimshika kiganja kupima mapigo ya moyo.

“Yanakimbia, Mama.”

“Yaache yakimbie,” alisema Mama Pindo. “Yamefurahi.”

Yule baba wa watoto wawili alikuja na maneno mengi, lakini Mama Pindo alikuwa amemwona na pindo la suruali lililochanika, na macho yake hayakubanduka hapo.

Walikula mayai, mikate na machungwa kwenye nyasi, na chakula hakijawahi kuwa kitamu vile. Kisha upepo ulipotulia, Mama Pindo alisimama, akavaa jaketi tena.

“Kuna jambo moja sijalifanya,” alisema.

Aliingia majini mahali penye mchanga, akimshika binti yake mkono. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani, baridi ikamkata pumzi. Binti alimwambia ajilaze nyuma. Alikataa mara tatu. Mara ya nne alifumba macho, akajilaza.

Jaketi lilimpokea. Alihisi mikanda ikikaza kidogo mgongoni na kiunoni, kisha uzito wake wote ukaondoka, mabega, magoti, mgongo wa kukaa kitini. Masikio yalikuwa ndani ya maji. Hakusikia chochote ila pumzi yake. Juu palikuwa na anga tupu. Aliwaza majaketi yote yaliyopita mikononi mwake, maelfu, na kila mmoja aliyewahi kulala hivi ndani ya mojawapo bila kumjua. Machozi yalimtoka, yakaingia ziwani, hakuna aliyeona.

Wiki mbili baadaye gunia la majaketi arobaini lilipandishwa ngazi za karakana, pamoja na barua kutoka kwa msimamizi wa gati akiomba yakaguliwe na “yule mama”. Mwenye karakana aliyasoma maneno hayo mara mbili. Mama Pindo alitumia nafasi hiyo kumweleza habari za uzi unaoliwa na jua, akamwekea mezani mshono wa mwenzake uliofumuka na wake uliopitiwa mara mbili. Tangu mwezi huo kila mshonaji alipita mara mbili, na uzi ukabadilishwa. Hasira za awali zilikuwepo, maana kazi iliongezeka, lakini aliwapeleka wenzake wote sita ziwani kwa basi dogo siku ya mapumziko, na waliporudi hakuna aliyenung'unika tena kuhusu mshono wa pili.

Yeye aliendelea kwenda kila alipopata Jumamosi. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mwogeleaji wa zamani wa mashindano, aliyefundisha watu wazima kwenye sehemu iliyozungushiwa nguzo. Mama Pindo alijiandikisha, na katika darasa la watu tisa yeye ndiye aliyekunywa maji mengi kuliko wote. Ilimchukua miezi mitano. Asubuhi moja ya hewa tulivu, akiwa na miaka hamsini na tisa, bila jaketi, aliogelea kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili, akapiga maji vibaya, akipotea kushoto, lakini akafika. Aliikumbatia nguzo, akatema maji, akapangusa macho.

“Vizuri sana, Mama,” alisema mwalimu. “Pumzika.”

Mama Pindo aliitazama nguzo ya tatu. “Pale kina ni kilekile?”

“Pale ni zaidi.”

“Sawa,” alisema, akaiachia nguzo, akaenda.